Ubeti wa karafuu: mizani (silabi) 16 au 13? Na dhamira ni ipi?

Mwalimu wa Chake
Assalaam aleikum. Ubeti huu nimeutunga kwa zoezi la kidato cha pili:

Napanda juu mtini, karafuu kuzishika,
Nazianika jamvini, juani zikakauka,
Zikifika mizanini, mwenyewe hufurahika,
Mimi narudi shambani, jasho lanichuruzika.

Mshororo wa kwanza wengine wamehesabu mizani 16, wengine 13. Na nusu ya darasa wameandika "dhamira ni karafuu". Nisahihisheje?

Mnazi Mmoja
Waaleikum salaam mwalimu. Aliyepata 16 kapatia: ukwapi (nusu ya kwanza) 8, utao (nusu ya pili) 8. Wa 13 kadondosha tatu, na pa kudondoshea panajulikana. "Juu" ni ju-u, "karafuu" ni ka-ra-fu-u, irabu mbili mizani mbili. "Mtini" ni m-ti-ni, kwa kuwa m hiyo ni mu- iliyofupika. Lakini m ya "jamvini" na n ya "napanda" hazisimami peke yake: ja-mvi-ni, na-pa-nda. Ubishi ukizidi, waandikie ubaoni neno "mbuni". Mti wa kahawa ni m-bu-ni, tatu. Ndege ni mbu-ni, mbili. Wapige makofi wasikie.

Tahadhari na kituo, yaani mshororo wa mwisho: atakayenakili "jasho linanichuruzika" atapata 9, kisha akulaumu wewe.

Mtambwe
Sawa. Ila tarbia, yaani mishororo minne, ni muundo. Skuli nyingi wanafunzi huiandika chini ya mtindo, alama zikaenda. Na atakayejibu kwamba shairi ni la mtiririko mkatie. Kwa ubeti mmoja atajuaje kama vina -ni na -ka vitaendelea, au vitabadilika liwe ukaraguni? Hata mshororo wa nne hatujui kama utajirudia uwe kibwagizo. Ongeza ubeti kabla ya kuuliza hayo.

Dhamira sasa. Karafuu ni kitu kinachozungumziwa tu. Waulize: nani anatenda katika kila mshororo? Wa kwanza na wa pili ni "mimi". Wa tatu, penye mizani ya kupimia (hapo umeuchezea ushairi wenyewe, nimeona), anazuka "mwenyewe". Wa nne "mimi" tena, na jasho. Kazi ya mmoja, furaha ya mwengine: hiyo ndiyo dhamira.

Mnazi Mmoja
Si useme unyonyaji tu, yaishe?

Mtambwe
Neno nalipokea, lakini mwanafunzi alithibitishe kwa yaliyomo. Ubeti haukutaja ujira wa pishi wala deni. Anayeandika "mchumaji analipwa kidogo" kaleta habari za mtaani kwao, hata zikiwa kweli. Ushahidi uliopo ni "hufurahika" kukabiliana na "lanichuruzika", na ile hu- ya mazoea: mwenyewe hufurahi kila msimu. Mimi ningetoa alama moja kwa dhamira, mbili kwa ushahidi.

Mwalimu wa Chake
Shukran nyote. Kuna mmoja kaandika "mwenyewe" ni huyo huyo mchumaji, kafurahi kwa mavuno yake. Nimpe sifuri?

Mtambwe
La, usimpe sifuri. Mshororo wa tatu peke yake unaruhusu. Muulize tu kwa nini kituo kinaanza na "Mimi" ilhali "narudi" inatosha kueleza ni nani. Neno hilo limewekwa kutenga watu wawili. Akipata jibu jengine lenye mantiki, mpe alama zake.