Naomba ushauri: nembo tatu za asali yangu ziko mezani, nitajuaje ipi ni kazi nzuri?

NyukiWaSikonge

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya nembo na vifungashio.

Nauza asali inayotoka Sikonge, Tabora. Nimekuwa nikiuza kwa madumu na chupa za kawaida kwa watu wanaonifahamu. Sasa kuna supamaketi hapa Dodoma wamekubali kunipa nafasi kwenye rafu, sharti nije na chupa na lebo inayoeleweka. Nimempa kazi kijana mmoja wa grafiki, kaniletea michoro mitatu. Wa kwanza ni nyuki mkubwa wa njano ndani ya pembe sita, na tone la asali linadondoka. Wa pili ni mzinga wa gome unaning'inia kwenye tawi, mistari minene myeusi tu, basi. Wa tatu hauna picha, ni jina "Asali Safi ya Tabora" kwa herufi za kujikunja zinazong'aa dhahabu.

Mume wangu kapenda wa tatu, watoto wamependa wa kwanza, na kijana mwenyewe anang'ang'ania wa pili. Kila mmoja anasema wake ndio mzuri. Mzuri kwa kipimo gani? Mtu asiye fundi kama mimi anaweza kupima vipi kabla hajamaliza kulipa?

Mkaratasi

Dada, hongera kwa kupata rafu. Swali lako ni zuri kuliko yanayoletwa humu mara nyingi, kwa sababu wengi huuliza "mnaonaje logo yangu" na watu wanajibu kwa kupenda rangi.

Nenda kwenye hiyo supamaketi, simama mbele ya asali zilizopo, rudi nyuma hatua chache, piga picha. Karibu kila chupa utakuta nyuki, pembe sita, tone, njano. Sasa mwambie kijana aziweke lebo zako tatu ndani ya hiyo picha, kwa ukubwa halisi wa chupa. Ule wa kwanza utapotea hapo hapo, hata kama umechorwa kwa ustadi, maana mteja hataweza kukutofautisha na jirani yako. Nembo kazi yake ya kwanza ni kumwezesha mtu aliyeonja asali yako mwezi uliopita aipate tena bila kusoma chupa zote.

Kisha ipunguze iwe na upana wa ukucha, kama inavyoonekana kwenye duara la picha ya WhatsApp. Halafu itoe kwa rangi nyeusi peke yake, kama muhuri utakaougonga kwenye boksi la kusafirishia. Mchoro unaoishi kwenye hali zote hizo umefaulu nusu ya mtihani. Nahisi kijana wako anaujua mtihani huu, ndiyo maana anasimamia mzinga. Mwambie akueleze sababu kwa maneno. Anayeweza kutetea kila mstari aliouchora ni mtu wa kukaa naye.

FundiMashine

Naongea kama mtu wa uchapaji. Ile dhahabu unayoiona kwenye simu ni mwanga wa kioo. Mashine inachapa kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na hizo nne zikichanganywa zinakupa kahawia ya haradali. Ukitaka dhahabu inayong'aa kweli, kuna karatasi maalumu ya kubandikwa kwa joto, na hiyo ni gharama nyingine juu ya kila lebo. Herufi nyembamba za kujikunja nazo zikiwa ndogo zinajaa wino, hazisomeki.

Pia asali humwagikia shingoni na kuteremka. Stika ya karatasi tupu italowa na kuchanika rafuni. Agiza stika ya plastiki, au karatasi iliyolaminetiwa. Mbunifu ambaye hajauliza lebo itachapwa kwenye nini hajamaliza kazi.

BintiMvita

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ningekuambia uitazame kanga. Ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina chini yake, yaani ule msemo ulioandikwa. Ukiwa ng'ambo ya barabara unaona pindo na rangi, unajua ile ni kanga. Ukikaribia mji unakuonyesha ni kanga ipi. Ukifika karibu kabisa ndipo unalisoma jina. Macho yanaongozwa kwa zamu, hakuna kinachogombana na kingine. Lebo ya asali nayo iwe hivyo: rangi na umbo kutoka mbali, neno ASALI na nembo kwa hatua mbili, uzito na mahali ilipotoka ukiishika mkononi. Lebo nyingi za wafanyabiashara wadogo zimejaza kila kitu kwa ukubwa mmoja, hata namba ya simu inapiga kelele sawa na jina.

Na jambo jingine. Kanga za Kaderdina wa hapa kwetu zina maandishi "Mali ya Abdulla", na wanawake huyatafuta kabla ya kulipa. Maandishi yale hayana mapambo. Yanaaminiwa kwa sababu ya kitambaa kilichokuwa nyuma yake miaka yote.

Kachero_Moro

Mnamzungusha dada wa watu. Alama ya Nike ilichorwa na mwanafunzi mwaka 1971 kwa dola 35, na mwenye kampuni hata hakuipenda sana mwanzoni. Leo dunia nzima inaijua. Achague yoyote, auze asali.

Mkaratasi

Mkuu Kachero, ni kweli, alikuwa Carolyn Davidson, na baadaye mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa. Lakini iangalie ile alama yenyewe: mkunjo mmoja, rangi moja, unakaa ubavuni mwa kiatu na unaonekana mtu akikimbia. Ingekuwa na nyuki, tone na dhahabu isingefika popote. Ubora wa kazi upo kwenye kufaa mahali pake, bei ni habari nyingine. Na Nike hawakuiacha. Huku kwetu kampuni ya simu ya Celtel ilikuwa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, na kila mara walimudu kupaka rangi upya nchi nzima. Dada yetu hana fedha hizo. Anachochagua leo inabidi akae nacho miaka mingi, kwa hiyo achague polepole.

NyukiWaSikonge

Asanteni sana, kweli nimeanza kuona. Nimepiga picha ile rafu na ni kama mlivyosema, njano tupu. Hofu yangu kwa mzinga ni moja. Mteja wa mjini hajui mzinga wa gome, anaweza kudhani ni gogo. Nyuki kila mtu anamjua. Na asali yangu ni nyeusi nyeusi, asali ya miombo, ile misitu yetu ya Tabora, wengine wakiiona wanadhani imeungua.

Mkaratasi

Hofu yako ina msingi, tena mkubwa. Mwaka 2009 kule Marekani kampuni ya juisi ya Tropicana ilibadilisha boksi lake. Walitoa lile chungwa lililochomekwa mrija, wakaweka glasi ya juisi na maandishi mapya yaliyotulia. Kwenye studio lilipendeza. Dukani wateja hawakuitambua juisi yao, mauzo yakashuka kwa takriban asilimia 20 ndani ya wiki chache, wakalirudisha chungwa. Kwa hiyo usimnyime mteja kinachomwambia ndani mna nini.

Suluhisho lako lakini halihitaji nyuki mkubwa. Neno ASALI liandikwe nene, lisomeke kutoka mbali, na hapo swali la gogo limekwisha. Mzinga ukae juu yake kama alama. Hakuna mwingine kwenye rafu ile mwenye mzinga wa gome, na ndivyo warina asali wa Tabora wanavyotundika mizinga porini, kwa hiyo ni wa kwenu kwa haki. Rangi ya asali usiifiche. Tumia chupa ya kioo, lebo iwe nyembamba na ya rangi ya maziwa, weusi wa asali uonekane pande zote, na mstari mmoja useme "Asali ya miombo, nyeusi kwa asili". Unachokiogopa kitakuwa kitambulisho chako.

WakiliMdogo

Nachelewa kidogo, ila kuna jambo limerukwa. Jina. "Asali Safi ya Tabora" linaeleza bidhaa na mahali tu. Kila muuza asali wa Tabora ana haki ya kusema hivyo, na ukienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, kulisajili kama alama ya biashara utapata shida kulimiliki. Tafuta jina lako mwenyewe, hata la kijiji au la bibi, na mchoro wa mzinga usajiliwe pamoja nalo. Ukitaka kuuza Zanzibar pia, usajili wa kule ni wa peke yake, kwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) usiiweke kwenye lebo mpaka upewe leseni yake, lakini mwambie mbunifu aiachie nafasi, pamoja na nafasi ya msimbopau (barcode), namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Haya yakija baada ya ubunifu kuisha ndiyo huharibu lebo nzuri.

FundiMashine

Naongeza kwa Wakili. Ukimlipa kijana sehemu ya mwisho, usipokee picha ya JPG ya WhatsApp peke yake. Dai faili za vekta (AI au SVG), ambazo mchoro wake unakuzwa bila kuharibika, pamoja na PDF ya kuchapia, majina ya fonti alizotumia na namba za rangi. Kwa hizo fundi yeyote, Dodoma au Kariakoo, atakuchapia rangi ile ile mwakani. Andikianeni pia kwamba mchoro sasa ni wako.

NyukiWaSikonge

Nimeongea naye leo jioni, kakubali vyote, na ameuliza kama anaweza kwenda Sikonge kuiona mizinga kabla hajachora upya. Jina tunalitafuta, bibi yangu aliitwa Nyamizi na mume wangu ameanza kulizoea. FundiMashine, kwa lebo mia mbili za kwanza inafaa mashine ya kidijitali au nisubiri oda kubwa?

FundiMashine

Mia mbili nenda kidijitali, oda kubwa ndiyo inafaa ofseti, ile mashine ya kuchapa kwa sahani. Lakini kwanza chapa moja tu, ibandike kwenye chupa yenye asali ndani, iache jikoni wiki nzima uone inavyokaa.