Raba mpya, raba kuukuu au grisi tu? Paa linavuja na masika yanakaribia

Jakaranda_Nakuru
Wadau hamjambo. Nina gari la paa la kukunja, nililinunua kwa mtu mwezi wa Novemba. Juzi mvua imenyesha hapa Nakuru dakika ishirini tu, asubuhi nikakuta kapeti limelowa chepechepe na harufu ya ukungu imeshaanza. Raba za paa zimekuwa ngumu, zina nyufa ndogondogo. Seti mpya kutoka nje nimeambiwa 62,000 kabla ya ushuru. Kuna anayeuza seti iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, 18,000. Fundi wangu naye anasema nisinunue chochote, apake silikoni na aongeze raba ya kukata kwa mita pale palipolegea, 3,500 pamoja na kazi. Ningependa niamue kabla ya Machi. Ungekuwa wewe ungefuata ipi?

Kibuye_Spea
Gari gani? La mwaka gani? Paa la kitambaa au la bati? Kapeti la upande gani ndilo lililolowa, mbele au nyuma ya kiti? Umetupa bei tatu na hujataja gari.

UpepoWaMenengai
Mzee, weka pesa yako. Nunua mafuta ya mgando, yale ya kujipaka, upake raba zote kila mwezi. Nimefanya hivyo miaka tisa kwenye milango ya pikapu yangu na haijawahi kuvuja tone.

Kibuye_Spea
@UpepoWaMenengai hapana, omera. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi ya petroli. Raba nyingi za milango na paa ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani, na EPDM haipatani kabisa na mafuta ya petroli: inavimba, inalainika, mwisho inapoteza umbo. Grisi ya kawaida ya fundi ni vilevile. Raba inang'aa wiki ya kwanza, mtu anafurahi, kumbe ndani inaharibika. Pikapu ina fremu ya chuma kuzunguka kioo chote, raba yake haina kazi ngumu. Gari la paa la kukunja halina fremu juu ya kioo. Kioo chenyewe ndicho kinachokandamiza raba, na raba ikipoteza unene milimita mbili tu umeshalowa.

UpepoWaMenengai
Miaka tisa si mchezo. Nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Jakaranda_Nakuru
Samahani wadau. Ni Mazda MX-5 ya 2001, paa la kitambaa, dirisha la nyuma la kioo. Maji nimeyakuta nyuma ya kiti cha abiria na kidogo chini ya miguu yake. Upande wa dereva ni mkavu.

SpanaKumiNaTatu
Nyuma ya kiti? Basi simama kwanza, usinunue raba hata moja. Kwenye MX-5 maji ya paa hayazuiwi yote na raba. Yanayoteremka nyuma ya kitambaa yanapokelewa na kifereji, yanaingia kwenye matundu mawili, moja kila kona nyuma ya viti, kisha yanashuka kwa bomba hadi chini ya gari karibu na gurudumu la nyuma. Tundu likiziba, maji yanajaa na kumwagikia kapetini. Unaegesha wapi?

Jakaranda_Nakuru
Milimani, chini ya mjakaranda. Ndiyo maana ya jina langu hapa.

SpanaKumiNaTatu
Yale maua yakioza yanakuwa uji, na uji huo ndio unaoziba. Kunja paa nusu, mulika kona zote mbili kwa tochi. Mimina kikombe cha maji polepole, mtu mwingine aangalie chini ya gari. Yasipotoka, pitisha uzi wa nailoni ule wa mashine ya kukatia nyasi, taratibu. Usitumie presha ya kompresa, unaweza kuchomoa bomba lisionekane tena. Na hili si la MX-5 peke yake. BMW Z4 ya kwanza, E85, mota ya paa imekaa pembeni chini kabisa, pale pale maji yanapokusanyika mfereji ukiziba. Watu wanaua mota ya bei kubwa kwa sababu ya majani.

ChaiNaMvua
Kaka Jakaranda, kabla hujampa fundi hiyo 3,500, muulize silikoni ipi. Tafadhali muulize. Mimi niko Kericho, huku mvua ya saa tisa alasiri ni kama saa ya ukutani. Nilikuwa na gari dogo la paa la bati linalojikunja. Raba ya juu ya kioo cha mbele ilianza kudondosha matone kwenye goti. Nikampelekea fundi, akasema "tutaweka silikoni", nami nilikuwa nimesoma kwamba silikoni ni nzuri kwa raba, nikakubali. Kumbe yake ni ile ya tyubu ya kuzibia sinki, inayonuka siki. Akajaza mstari mzima, akafunga paa, akaniambia niliache usiku kucha likauke. Asubuhi nikabonyeza kitufe. Mota ikavuta, raba ikabaki imeshika fremu ya kioo, ikachanika katikati nikiiangalia. Nilishuka nikasimama pale nje nikalia, sioni haya kusema. Nilikaa wiki tatu nikiikwangua kwa kipande cha plastiki, na chini yake fremu ilikuwa imeanza kutu, maana ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka. Raba mpya nikanunua vilevile. Na fundi wa rangi akakataa kazi mara ya kwanza, kwa sababu silikoni ikibaki kwenye bati rangi mpya inafanya mashimo kama macho ya samaki.

Grisi ya silikoni, ile ya kupaka raba, na silikoni ya kuzibia si ndugu. Zinauzwa duka moja na zote zinaitwa silikoni.

Jakaranda_Nakuru
Pole sana dada. Nimempigia sasa hivi. Amesema "ile nyeupe ya tyubu". Nimemwambia asubiri kwanza.

RangiNaBati
Mimi ni fundi wa bodi, Kisumu, na hilo la macho ya samaki nalithibitisha. Hata dawa ya kung'arisha matairi ikirushwa ovyo inatuletea shida hiyo. Ukipaka grisi ya silikoni, weka kwenye kitambaa kwanza, usipulizie juu ya gari.

Raba iliyotumika ya 18,000 nisingeichukua bila kuishika. Bonyeza kwa kidole: ikirudi haraka ni nzima, ikibaki na shimo imekufa, na hakuna grisi ya kuifufua. Yako vilevile ipime hivyo. Kisha funga kioo juu ya kipande cha karatasi, uvute. Rudia kila sentimita kumi. Pale karatasi inapotoka bila kushikwa ndipo maji yanapoingia.

MwanaDunga
Nikiongeza hapo: osha raba kwa maji na sabuni laini, kausha, paka safu nyembamba ya grisi hiyo, halafu futa inayobaki. Huku ufukweni ukiacha grisi nene, vijidudu vya ziwa vikija jioni vinanasa vyote, asubuhi raba imekuwa msasa. Mimi natumia gliserini ya duka la dawa na sijaona kasoro.

Kibuye_Spea
Gliserini haidhuru raba, ila inayeyuka kwa maji. Mvua mbili imekwisha.

MwanaDunga
Basi narudia kila Jumamosi. Chupa ni bei ya soda mbili.

UpepoWaMenengai
Sawa sawa na mafuta yangu ya mgando.

Jakaranda_Nakuru
Nimerudi. Tundu la kushoto lilikuwa limeziba kabisa, nimetoa uji mweusi unaojaza kiganja, sasa maji yanatoka chini vizuri. Nimemwagilia gari kwa mpira dakika kumi nikiwa nimekaa ndani na tochi. Nyuma ya kiti pakavu! Lakini tone moja moja linashuka bado kwenye kona ya mbele ya kioo cha abiria, na karatasi inatoka pale bila kushikwa.

RangiNaBati
Kona peke yake? Inawezekana raba si mbaya, kioo ndicho hakifiki juu, au kufuli la paa upande huo limelegea. Mlango uliwahi kugongwa?

Jakaranda_Nakuru
Aliyeniuzia hakuniambia.

SpanaKumiNaTatu
Angalia skrubu za bawaba kama rangi yake imechubuka. Na weka picha ya hiyo kona, kioo kikiwa juu, paa limefungwa.

ChaiNaMvua
Na kapeti litoe lote ulianike, sponji ya chini inashika maji wiki nzima. Paa usilikunje likiwa bichi.

MwanaDunga
Huyo wa 18,000 yuko wapi? Kama wewe humtaki tena, rafiki yangu ana MX-5 kama yako.