Ushauri: kipindi cha Gedi tukifungeje wakati jibu halijulikani?

MwanaMinazini:
Wadau, salamu. Tunaandaa mfululizo wa runinga kuhusu mafumbo ya historia ya pwani ya Kenya, na tunaanza na Gedi. Mji wa mawe wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme na kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mapema karne ya 17 wenyewe wakauhama, msitu ukaumeza, na kwa nini waliuhama hakuna ajuaye kwa hakika. Wareno walikaa Malindi hapo jirani miaka na miaka, lakini jina la Gedi halimo katika maandishi yao. Mwongozaji anataka tufunge kwa mizimu inayolinda magofu, eti mtazamaji hapendi kuachwa njia panda. Moyo wangu unakataa kabisa. Nimwambieje?

BiKisima:
Mwanangu, mwambie kuna visa vya kweli vinavyosisimua zaidi. Mpelekeni mtazamaji kwenye kisima kilichoongezwa kina kwa sababu maji yalikuwa yakishuka. Kamera iinamishwe hadi chini, mtangazaji anyamaze kidogo. Mji bila maji unakaliwaje?

Mkuyati:
Kisima peke yake hakitoshi, Bi. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani wakiua na kubomoa. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko. Kisha Waoromo wakashuka kutoka kaskazini. Wekeni yote mezani, kila dhana na ushahidi wake na udhaifu wake. Na huo ukimya wa Wareno msiutie chumvi, huenda mji waliujua kwa jina jingine.

MwanaMinazini:
Shukrani sana. Mizimu je, tuifute?

BiKisima:
Hapana! Wazee wa Kigiriama wanaoishi kuzunguka magofu ndio waliobeba habari hizo. Waacheni wazisimulie wenyewe, kwa lugha yao, katikati ya kipindi, kama imani yao. Kosa ni kuzifanya jibu la mwisho. Mwishoni mwekeni mwanaakiolojia, aseme wazi ni swali gani bado linamkosesha usingizi.

Mkuyati:
Naunga mkono. Nyongeza: mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948 hadi 1958, na vyombo vya Kichina vilipatikana. Ombeni kuonyesha kigae kimoja mkononi, karibu kabisa na lenzi. Barua ya kibali iende mapema Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ndio wasimamizi. Na kikosi chenu kisipande kuta kutafuta picha nzuri.