Naomba ushauri: jalada la kitenge linapinda na uzi wa nyavu unafunguka

Wakuu wa kazi za mikono, hasa mlioko huku Mwanza, naomba msaada.

Natengeneza daftari kwa mkono, la kuchorea, saizi ya A5: vitita 6, kila kimoja karatasi 4 za A4 zilizokunjwa kati, matundu 5 kwa shazia. Jalada ni kadibodi ya milimita 2 iliyovikwa kitenge, kingo zimekunjwa ndani sentimita 2.

Gundi ndiyo inayonisumbua zaidi. Ile nyeupe ya mbao nikiilainisha kwa maji inapenya na kuacha madoa yanayong'aa upande wa maua. Nikiiacha nzito, kitenge kinashika mapovu. Uji wa unga wa ngano ni msafi zaidi, ila kwa unyevu wa ziwani unaota ukungu. Kuna anayebandika karatasi nyembamba nyuma ya kitambaa kwanza? Anatumia gundi gani?

Halafu kadibodi inapinda kwa nje kama kayabo (samaki wa chumvi) juani. Nahisi kitambaa kikikauka kinavuta upande mmoja. Karatasi ya ndani niibandike papo hapo, kabla ya kuweka chini ya matofali, au nisubiri ikauke?

Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu haukatiki (huo unavuta sangara!), lakini fundo linateleza na mkunjo wa karatasi unachanika. Nta ya nyuki imesaidia kidogo tu. Nihamie pamba? Nyuzi ngapi nisokote pamoja?

Kitenge nakifua na kukipiga pasi kwanza, hilo msinikumbushe.