Naomba ushauri: kununua nyumba ya zamani ya wachimba makaa, Katernberg (Essen)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mke wangu tunaishi Ujerumani, na tumeipenda nyumba moja ya matofali pale Katernberg, kaskazini mwa Essen. Bei inavutia, na hapo ndipo wasiwasi unapoanza.

Mtaa huu ulizaliwa na mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein, ulioanza kuchimbwa katikati ya karne ya 19. Kampuni iliwajengea wachimbaji nyumba zenye vibustani nyuma, wapande viazi na kufuga mbuzi. Mbuzi huyo walimwita "ng'ombe wa mchimbaji"! Mgodi ulifungwa Desemba 1986, tanuri za koka (makaa ya mawe yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma) zikafuata 1993, na tangu 2001 eneo hilo ni urithi wa dunia wa UNESCO. Leo watalii wanapiga picha mnara wa Shafti 12 (shimo la kushukia mgodini), na majira ya baridi watoto wanateleza kwenye barafu kando ya tanuri zilizozimwa. Ajira zilizopotea ni habari nyingine.

Sasa, chini kumechimbwa miaka zaidi ya 130 na ardhi imeshuka. Nyumba yenyewe ina ufa wa mshazari juu ya dirisha. Muuzaji anacheka tu, eti "ni wa zamani huo".

Aliyewahi kununua maeneo ya Ruhr (ukanda huu wa migodi ya zamani) anisaidie: nimlipe mhandisi kwanza, au niombe ramani za mgodi? Na je, mmiliki wa awali akishalipwa na kampuni ya mgodi fidia ya nyufa, mimi naweza kudai tena?