Mjadala: Kasri la Cinderella lirudishiwe kijivu cha 1971 au liachwe na pinki yake?

Mkazi wa Florida (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Naleta mada ambayo wengine mtaiona ya kitoto, lakini huku tulipo imegawa watu hadi mezani.

Kwa asiyefuatilia: pale Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Walt Disney World karibu na Orlando, katikati limesimama kasri la Cinderella. Ndilo lile ambalo kila ndugu anayekuja kututembelea kutoka Dar au Nairobi lazima apige picha mbele yake, asipopiga ni kama hakufika Florida. Lilifunguliwa pamoja na bustani yenyewe tarehe 1 Oktoba 1971, likiwa na kuta za kijivu na nyeupe, mapaa ya buluu, na dhahabu kidogo tu. Mwaka 2020, katika maandalizi ya kutimiza miaka 50, likapakwa pinki, buluu ya mapaa ikakolezwa, dhahabu ikaongezwa kila kona. Sherehe zikapita, mapambo yakashushwa, pinki ikabaki. Agosti 2025 wenye mali, kampuni ya Disney, wakatangaza kwamba litarudishwa kwenye kijivu, krimu na buluu, kwa kufuata rangi za mwanzo.

Wapo walioshangilia kama timu yao imechukua kombe. Wapo waliouliza, mnamrudishia nani?

Mimi nipo upande wa kijivu, na sababu yangu si ule wimbo wa ya kale dhahabu. Sababu yangu ni kiini macho. Kasri lile lina urefu wa futi 189, yaani kama mita 58. Si refu. Pale pale Orlando mjini yapo majengo yanayolizidi mara mbili. (Wajenzi walikwepa kufika futi 200 maana kuanzia hapo wangelazimika kuweka taa za kuonya ndege, na nani anataka taa nyekundu inayopepesa juu ya kasri la binti mfalme?) Kwa hiyo walicheza na macho. Kadiri unavyotazama juu, vitu vinapungua: alama za mawe, madirisha, minara, vyote vya juu ni vidogo kuliko vya chini, na wewe uliye chini unadhani viko mbali sana. Rangi nayo ilikuwa kazini. Chini kijivu kizito kama mwamba, juu weupe unaopotelea angani. Hujui jengo linaishia wapi.

Sasa njoo na pinki, kisha zungushia kila ukingo dhahabu. Kila kitu kinakuita kwa sauti moja. Jicho linafika juu mara moja na kugundua kumbe ni hapo tu. Tazama picha za kasri la Tokyo Disneyland, lililofunguliwa 1983 kwa kunakili hili la Florida, kuta zake hazina pinki. Weka picha mbili kando kando kisha uniambie lipi linaonekana refu.

Karibuni tubishane, matusi hapana.

Mama Wawili

Mkuu, naomba kutofautiana nawe kabisa.

Mwanangu wa kwanza amezaliwa 2017. Alipofikishwa pale akiwa na akili ya kukumbuka, kasri lilikuwa pinki. Kwake hilo ndilo kasri. Analichora pinki, na mwenzake shuleni akilichora kijivu anamsahihisha. Sasa mnaposema mnarudisha sura ya asili, mnarudisha sura ya utoto wa nani? Na wewe mwenyewe nina wasiwasi kama 1971 ulikuwa umezaliwa.

Halafu tuseme ukweli. Florida wakati wa kiangazi mvua ni ya kila alasiri. Umelipa, umesimama juani tangu asubuhi, mara wingu linatanda ndipo familia inapata nafasi ya kupiga picha. Kijivu mbele ya wingu la kijivu! Picha inatoka kama ya kitambulisho. Pinki ile hata mbingu ikinuna inaonekana.

Na lile la Disneyland ya California, la binti mfalme Sleeping Beauty, la tangu 1955, kwa miaka mingi lina upinki wake na sijasikia mtu analia. Au pinki ni dhambi Florida tu?

Msomi wa Kijiweni

Nyote wawili mnabishana kuhusu rangi, mimi nabishana na neno asili. Asili ipi, wakuu?

Walt Disney mwenyewe alifariki tarehe 15 Desemba 1966. Hilo kasri hakuliona, si la kijivu wala la pinki. Anayetajwa zaidi katika kulichora ni Herbert Ryman, msanii wa Disney, na yeye na wenzake waliokota huku na huko: makasri ya Ufaransa kama Chenonceau na Chambord, na lile la Neuschwanstein kule Bavaria. Neuschwanstein nalo lilianza kujengwa 1869, enzi za treni, na mfalme Ludwig wa Pili aliyetaka kuishi kama watu wa zama za mashujaa na panga. Kwa hiyo mnachokipigania ni nakala ya kitu ambacho chenyewe kilikuwa kinaigiza.

Na baada ya 1971 limepitia mengi. Mwaka 1996, bustani ilipotimiza miaka 25, kasri zima liligeuzwa keki ya sikukuu ya kuzaliwa. Sitanii. Zaidi ya galoni 400 za rangi ya pinki, mishumaa mikubwa juu ya minara, peremende kubwa kubwa ubavuni, na kitu mfano wa krimu kikitiririka ukutani. Lilikaa hivyo hadi Januari 1998. Fikiria aliyekuwa ameweka akiba miaka kumi apige picha ya harusi pale, anafika anakuta keki. Mwaka 2004 wakalizungushia karatasi za chooni ili kutangaza mchezo mpya wa Stitch, yule kiumbe mtukutu wa katuni kutoka sayari nyingine. Karatasi za chooni! Mwaka 2015 wakaongeza minara midogo pembeni walipokuwa wakipanua uwanja wa mbele. Hata hoteli ya chakula iliyomo ndani ilikuwa ikiitwa kwa jina la King Stefan hadi 1997, na King Stefan ni baba yake Sleeping Beauty, hana udugu wowote na Cinderella. Je, hilo nalo turudishe, kwa kuwa ni la asili?

Anayependa vya 1971 kwa dhati aache kutazama juu. Apite chini ya kasri, kwenye ule upenyo, asimame ukutani. Pale kuna mozaiki ya hadithi yote ya Cinderella, paneli tano, vipande zaidi ya 300,000 vya kioo, vingine vimetiwa fedha na dhahabu ya kweli. Mchoro ni wa Dorothea Redmond. Aliyeipanga ni Hanns Scharff, Mjerumani ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili kazi yake ilikuwa kuwahoji marubani wa Marekani waliotekwa. Angalieni nyuso za wale dada wa kambo kiatu kinapojaribiwa: mmoja wamempa wekundu wa hasira, mwingine kijani cha wivu. Watu wanapita pale mbio kuwahi foleni, kisha jioni wanakuja kulilia rangi ya ukuta.

Fundi Rangi

Mimi sijui habari za wafalme. Nimepaka nyumba za watu huku Florida, kwa hiyo niongee ninachokijua.

Kwanza, kasri lile halina tofali hata moja. Mifupa ni chuma, chini kuna ukuta wa zege, sehemu kubwa ya nje ni lipu ngumu iliyofanyizwa ifanane na mawe, na minara ya juu ni faibaglasi. Maana yake unapaka nyuso tofauti kwenye jengo moja, na kila moja inanywa rangi kivyake. Rangi ile ile ukipaka kwenye lipu na kwenye faibaglasi, baada ya misimu miwili ya jua hazitalingana.

Pili, jua. Rangi za ukoo wa wekundu, hasa zile zinazong'aa, ndizo zinazokufa haraka juani. Weupe unasimama. Kijivu kinasimama. Pinki inachuja, na haichuji sawasawa: upande unaochomwa na jua la mchana unapauka, upande wa kivulini unabaki mbichi. Mwisho unapata kasri lenye mabaka. Unaweza kununua pinki ya kudumu zaidi, lakini utailipia, na bado utarudi na ngazi mapema.

Tatu, uchafu. Florida ina unyevu, na unyevu unaleta ukungu na ile michirizi myeusi inayoshuka chini ya kila dirisha. Kwenye ukuta wa kijivu wenye alama za mawe, mchirizi ukishuka mtu anadhani ndivyo mchoraji alivyotaka. Kwenye pinki unaonekana kuanzia getini.

Mama Wawili

Fundi, yaani tunachagua rangi ya kasri la binti mfalme kwa sababu inaficha uchafu?

Fundi Rangi

Ndiyo, mama. Kaptula za shule walizifanya khaki kwa sababu gani?

Bwana Hesabu

Mnajichosha. Hii ni biashara. Pinki ilipokuja, zilikuja fulana, vikombe na sanamu za kasri la pinki. Kijivu kikirudi, zitakuja fulana, vikombe na sanamu za kasri la kijivu, na wale wale waliolia 2020 watakuwa wa kwanza kwenye foleni. Mteja ananunua mara mbili, mwenye duka anapaka ukuta.

Kama kweli ni asili, mimi nina ombi moja. Mwaka 1971 kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50. Hata ukipandisha kwa mfumuko wa bei wa miaka yote hiyo, haifiki dola 30. Leo siku za sikukuu tiketi ya siku moja inagota dola 200 hivi. Warudishe bei ya asili, kasri wapake hata rangi ya matope.

Mkazi wa Florida (mwanzisha mada)

Bwana Hesabu, umenichekesha, ila hesabu iwe kamili. Zile dola 3.50 zilikuwa za mlangoni. Michezo ulilipia kwa kuponi, zikipangwa kwa herufi kuanzia A hadi E, na ile mizuri ilikuwa ya E. Aliyenunua kiingilio peke yake alikuwa anatembea tembea na kutazama. Bado bei ya leo ni kali, hapo sikubishii.

Fundi, asante. Hiyo ya wekundu kuchuja bila usawa nilikuwa naiona kwa macho tu, sababu sikuwa nayo.

Mama Wawili, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa. Ni kweli kwamba mtoto wako ana haki na kasri lake kama mzee aliyefika pale 1975 alivyo na haki na lake. Ila tofautisha mambo mawili. Pinki ya 2020 ilikuja kwa ajili ya sherehe, na sherehe ina mwisho. Ile keki ya 1996 wapo watoto walioipenda vilevile, na wengine hadi leo wakiwa watu wazima wanaikumbuka kwa raha, lakini hakuna anayedai mishumaa irudishwe mnarani. California ni habari nyingine. Lile ni fupi mno, futi 77, haliwezi kujifanya mlima hata kwa rangi gani, na upinki wake ni wa tangu zamani, umeota nalo. La Florida lilibuniwa lionekane kwa mbali: unashuka kwenye feri au treni ya juu, unapita geti, unaingia barabara ya maduka, nalo lipo mwisho wa barabara linakungoja. Safari yote hiyo inategemea ukubwa.

Msomi wa Kijiweni

Hujanijibu. Rangi irudi ya 1971, sawa. Ile minara ya 2015 je?

Mkazi wa Florida (mwanzisha mada)

Ibaki. Imekaa vizuri na inasaidia uwanja wa mbele.

Msomi wa Kijiweni

Na King Stefan?

Mkazi wa Florida (mwanzisha mada)

Huyo akae na binti yake mwenyewe.

Msomi wa Kijiweni

Na ile dhahabu, maana hata kwenye tangazo la 2025 dhahabu kidogo imo?

Mkazi wa Florida (mwanzisha mada)

Kidogo ibaki. Kwenye ncha za minara, si kwenye kila dirisha.

Msomi wa Kijiweni

Basi mkuu, hapo hurudishi asili. Unachagua unachokipenda kutoka 1971, unachukua na cha 2015, kisha mchanganyiko wako unauita asili ili Mama Wawili aonekane mgeni.

Mkazi wa Florida (mwanzisha mada)

Nachagua, ndiyo, na sioni aibu. Neno asili ni la kwenye tangazo lao, mimi sijalitumia katika hoja yangu, rudi juu usome. Nilichosema ni kwamba kijivu kinalifanya jengo la mita 58 lionekane refu na pinki inalifupisha. Hilo bado hamjalipinga hata mmoja.

Mama Wawili

Mimi nalipinga. Mwanangu ana urefu wa futi nne. Kutoka hapo alipo, kasri ni refu kwa rangi yoyote.