Krismasi ya Moshi: ndafu (mbuzi mzima wa kuchomwa) ya kuagiza au mbuzi tuchinje wenyewe kihambani, kwenye migomba ya nyumbani? Na bibi tumpelekee zawadi gani ya mkono?

Mjukuu wa Mlimani
Shimbonyi wakuu, na msio wa mlimani habari zenu pia. Mwaka huu ukoo mzima tunapanda kuhesabiwa, yaani kwenda nyumbani Krismasi, hata wale ambao kila Desemba wanasingizia kazi safari hii wamekubali, maana bibi kasema anataka kuwaona wote. Sasa kwenye grupu la WhatsApp tumegawanyika. Kuna wanaotaka tuagize ndafu mjini, iletwe imeshaiva, tule, tupige picha, tumalize. Wengine, na mimi nimeegemea huko kidogo, wanasema anunuliwe mbuzi achinjwe palepale kihambani watu wapate kisusio (supu ya damu) na machalari (ndizi na nyama) kama zamani. Bajeti ya nyama ni laki nne. La pili ni zawadi ya bibi. Tumekubaliana isiwe ya dukani, iwe kitu kimetengenezwa kwa mkono, mawazo yaliyopo ni sweta la kufuma, vitambaa vya makochi vya kroshia, au kikapu kizuri. Michango inafungwa Jumapili hii kwa hiyo naomba mnisaidie kulinganisha haraka. Nawasilisha.

Mama Lishe Himo
Mdogo wangu umeandika mengi ila vya kupimia hujavisema. Mko wangapi? Moshi ya wapi, Machame, Kibosho, Marangu, Rombo? Gari linafika mlangoni au mnashuka na migomba kwa miguu? Mnakula tarehe 25 baada ya ibada au 26? Na kuna kijana anayejua kuchinja na kupasua au wote ni wa ofisini? Leta hayo kwanza.

Mangi wa Uru
Mi naona hakuna hata cha kulinganisha. Mbuzi achinjwe nyumbani. Ndafu ni ya harusini, mle ukumbini, MC anaita, bwana na bibi harusi wanalishana, sawa. Krismasi ni ya kihamba. Asubuhi wanaume wako na mbuzi chini ya mgomba, kina mama wanamenya ndizi mshare, watoto wanatumwa maji na majani ya kutandika nyama, kila mtu ana kazi. Ukileta nyama imeshaiva kwenye buti ya gari, hao watoto wako waliozaliwa Dar watajifunza nini? Watakaa na simu tu mpaka jioni.

Kijana wa Memorial
Mangi tuheshimiane, watu wamesafiri zaidi ya kilomita mia tano wamechoka, unataka wakifika waanze kuchuna mbuzi. Ndafu nzuri ikichomwa na mtu anayeijua, taratibu, moto wa pembeni, inageuzwa masaa kadhaa huku inapakwa limao na chumvi, ngozi ya nje inakauka na ndani inabaki na maji yake, hiyo huwezi kuipata kwa haraka haraka za nyumbani. Na kina mama wanapumzika. Kila sikukuu wao ndo wako jikoni kwenye moshi na sisi tumekaa tunasubiri sahani.

Mama Lishe Himo
Hapo kwa kina mama umesema kweli. Ila bado mwenye uzi hajajibu.

Mjukuu wa Mlimani
Samahani wakuu nilikuwa kwenye foleni. Ni Kibosho, juu kabisa. Tupo kama 40 ukihesabu na watoto. Gari linaishia karibu na kanisa, kutoka pale ni kushuka kwa miguu. Tunakula 25.

Binti Marangu
Kama gari halifiki na mko 40 naomba usome hii yangu mpaka mwisho kabla hujamlipa mtu. Familia yetu tuliagiza ndafu kwa jamaa mmoja mjini, simtaji na wala si lazima, alikuwa anasifiwa na watu wengi, tukampa advansi zaidi ya nusu, akasema saa saba mchana yuko mlangoni. Tumetoka kanisani, meza zimepangwa, mama mkubwa kaalika na majirani na wazee wa jumuiya, saa saba hamna mtu, saa nane simu inaita haipokelewi, saa tisa akapokea akasema yuko njiani kumbe ndo kwanza ana nyingine tatu anazimalizia maana alichukua oda za watu wengi siku moja. Wazee wakapewa chai na mkate wakavumilia. Imefika jua linazama, vijana wameibeba kichwani kutoka barabarani, imepambwa vizuri kabisa ina majani mdomoni na nyanya na hoho, watu tukapiga makofi, kaka kaanza kukata pale pajani damu ikatoka. Nje imeungua, ndani mbichi, kwenye mifupa ndo usiseme. Ikabidi tuikate vipande vyote tuitie kwenye sufuria usiku na kuni zenyewe zimeloa. Tumekula saa tatu usiku na wale wazee walishaondoka na njaa yao. Mama mkubwa alilia kweli, si kwa hela, ni kwa aibu ya kualika watu ukashindwa kuwalisha. Toka siku ile kwetu mbuzi anafungwa nyumbani tarehe 23, anakula majani pale, tunamwona kwa macho.

Kijana wa Memorial
Pole sana dada, ila huyo ni mtu mmoja. Wapo wanaojali kazi zao. Mwite aje achomee palepale nyumbani, mbuzi wako, kuni zako, unamlipa ufundi tu.

Mangi wa Uru
Sasa si ndo umerudi kwenye kuchinja nyumbani?

Mlokole Mwenge
Naomba niseme jambo kwa upendo. Kisusio ni damu. Matendo 15:29 imeandikwa wazi tujiepushe na damu na vilivyosongolewa. Tunasherehekea kuzaliwa kwa Bwana halafu tunaanza na bakuli la damu? Nyama kuleni, ila hilo liangalieni.

Mangi wa Uru
Mchungaji, bibi zetu walibatizwa na wamisionari na kisusio kilikuwepo mezani. Kinachemshwa na supu na mafuta ya mbuzi mpaka kinaiva, hakuna anayekunywa kibichi siku hizi. Usituharibie sikukuu.

Mlokole Mwenge
Kuwepo zamani hakukifanyi kiwe sahihi ndugu yangu. Siwalazimishi. Nasema kama kuna wa imani hiyo kwenye ukoo wapikiwe supu yao pembeni, wasikae na sahani tupu katikati ya ndugu zao.

Daktari wa Mifugo mstaafu
Vijana, mimi nawaomba kitu kimoja, huyo mbuzi akaguliwe. Mwiteni afisa mifugo wa kata amwone kabla hajachinjwa na aangalie maini na mapafu baada ya kuchinjwa, Desemba yupo anazunguka, ukimpigia mapema anakuja. Wengine mlikuwa wadogo 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoingia nchini, watu walikufa, na njia kubwa ilikuwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Yeyote mwenye kidonda mkononi asichune. Kisusio kichemke hasa, si kupashwa. Na mbuzi wa bei ya kutupa anayeuzwa usiku wa tarehe 24 jiulizeni kwanini anauzwa hivyo.

Mama Lishe Himo
Asante mzee wangu, hilo watu hawalisemi. Haya sasa hesabu. Mbuzi wa kienyeji wa kawaida nyama yake ni kama kilo 12 mpaka 15 na mifupa yake. Watu 40 ukiwapa ya kuchoma tu haitoshi, watagombania. Ila hiyohiyo ukiichanganya na ndizi inatosha na inabaki. Kwa hiyo mapaja na mbavu choma, shingo, miguu na mifupa tia kwenye machalari, utumbo na damu kwa wanaotaka kisusio, kichwa wazee wanajua wenyewe. Ndizi chukua mshare, mkungu umekomaa ila haujaanza kuiva, soko la Mwika au hapohapo kwa majirani. Wakati wa kumenya pakeni mafuta mikononi, utomvu wa mshare ukikauka kwenye kucha utarudi nao Dar, na kila ndizi ikishamenywa ndani ya maji isiwe nyeusi. Ndizi usizikoroge kwa mwiko kila saa, zitavurugika, unatikisa sufuria. Kabla sijamaliza, bibi ana meno?

Mjukuu wa Mlimani
Sijui kama mbele yapo, nyuma nadhani hayapo. Ana miaka 80 na kitu.

Mama Lishe Himo
Mjukuu hujui kama bibi ana meno! Basi hapo kwenye ndafu hesabu imekufa, mnafanya sherehe ya mtu ambaye hawezi kuila. Yeye apikiwe mtori wake. Nyama laini ya mfupa ichemshwe mpaka iachie, mshare, kitunguu, siagi kidogo, ipondwe mpaka iwe laini kabisa. Na asipewe pembeni jikoni. Awekewe bakuli lake pale mezani na wengine.

Shem wa Nakuru
Wandugu wa Tanzania mnanifurahisha, huku Kenya ni hivohivo. Tukienda shagz Desemba ni mbuzi, chapo na watu wa mutura, ile soseji ya utumbo, hiyo pia iko na damu ndani, kwa hivyo hiyo debate ya kanisa tunaijua sana. Kuhusu zawadi mimi napigia kura kikapu, lakini si cha plastiki, kiondo cha katani halisi kile kimesukwa na kina mama, chini ni duara na mkanda wa ngozi. Nilimpea shosho yangu, anaenda nacho kanisa na soko na hakijaachia hata uzi mmoja.

Mpare Mkweli
Kiondo kizuri shem ila bibi wa miaka 80 anaenda nacho sokoni gani? Na mlima ule wa Kibosho? Mfumieni sweta. Watu wa Dar mnajua Moshi ni joto kwasababu mnaishia stendi, kule juu Juni na Julai bibi anakaa jikoni kwenye mafiga siku nzima kwa baridi. Sweta la sufu, la kufungua mbele kwa vifungo vikubwa, siyo la kuvaa kwa kichwa, mikono ya wazee hainyanyuki.

Fundi Kroshia Tabata
Kama ni sweta la mkono na leo ndo mnajadili basi mmechelewa, mimi sweta la mtu mzima silifumi kwa haraka likawa zuri, na Desemba sote tumejaa. Vitambaa vya kroshia inawezekana tukigawana mafundi wawili. Seti ya makochi ni vya mgongo, vya mikono, cha meza na cha redio au TV. Chagua uzi wa pamba mweupe au wa maziwa, ule wa nailoni unateleza kwenye kochi na kila mtu akinyanyuka kinadondoka. Nikimaliza navifua, navitia uji mwepesi wa muhogo, navianika mezani nimevivuta kila ncha na pini mpaka vikauke, ndo yale maua ya pembeni yanasimama. Bibi akiviona atajua kuna mtu alikaa chini kwa ajili yake. Ila niulize, makochi yake ni ya watu wangapi? Bila vipimo sianzi.

Mjukuu wa Mlimani
Nitauliza. Kwa sweta naona kweli tumechelewa.

Binti Marangu
Mnaweza kufanya wenyewe pia. Kwetu wajukuu kila mmoja alidarizi jina lake kwenye kipande kimoja cha kitambaa, fundi akaviunganisha ikawa shuka ya kitanda. Wale wadogo herufi zimepinda pinda, na hizo ndo bibi anawaonyesha wageni.

Fundi Kroshia Tabata
Hilo ni zuri kuliko langu, nasema kweli.

Mangi wa Uru
Mbege je? Mbona hakuna aliyetaja mbege? Mwambieni mtu wa nyumbani aanze mapema, ndizi zinavundikwa ziive, zichemshwe, zikae siku kadhaa, halafu ndo ulezi uingie. Ukikumbuka tarehe 23 utakunywa soda. Na kata ya kunywea iwe ya kibuyu, siyo vikombe vya plastiki.

Mlokole Mwenge
Na togwa kwa wasiokunywa pombe tafadhali.

Mangi wa Uru
Na togwa, sawa mchungaji.

Mpare Mkweli
Swali langu ni moja, bibi mwenyewe mmemuuliza anataka nini?

Mjukuu wa Mlimani
Wakuu nawashukuru sana, nimezikopi komenti nyingi nimezipeleka kwenye grupu. Ya meno imewashtua wengi. Mtori umepita bila kupingwa. Kwenye mbuzi bado, shangazi wawili wameshika ndafu yao, wanasema wataichangia wenyewe pembeni. Bibi atapigiwa leo jioni, simu yake anashika kijana wa jirani. Vitambaa na shuka ya majina bado tunajadili.

Kijana wa Memorial
Waambie shangazi nawaunga mkono, ila wamlete mchomaji nyumbani.

Shem wa Nakuru
Mnapanda na nini watu 40?

Mjukuu wa Mlimani
Wengine gari binafsi, wengine basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Tiketi za kuanzia tarehe 20 naona zinaisha.

Daktari wa Mifugo mstaafu
Angalieni treni. Ilirudi Desemba 2019 mpaka Moshi, mwaka uliofuata ikafika Arusha. Unalala njiani ila wazee na watoto wananyoosha miguu, na mizigo haikusumbui.

Mama Lishe Himo
Treni ya Desemba nayo inajaa mzee wangu. Mjukuu, mna watoto wadogo wangapi kwenye hao 40? Hilo nalo hukusema.